Nani Anashika Tochi Kwenye Injini za Ndege Zetu?



Wiki hii siandiki bei ya pamba, ingawa najua ndiyo habari ya mjini kuanzia Somanda hadi Dutwa. Naandika ndege. Najua kuna mtu Maswa ameshaanza kucheka: Simiyu na ndege wapi na wapi? Kutoka hapa Bariadi anayetaka kupanda ndege anakwenda kwanza Lamadi, anashika lami ya Magu, anapita Kisesa hadi uwanja wa Mwanza. Lakini tunapanda. Mama anayempeleka mtoto Muhimbili anapanda. Mfanyabiashara wa choroko anapanda. Na ukisimama upande wa mashariki wa mkoa wetu, kule Serengeti inakoanzia, utaziona ndege ndogo za watalii zinavyopishana. Hizo nazo zina vijana wetu ndani yake, wapishi na waongoza watalii. Kwa hiyo tusikilizane.

Nianze na gereji, kwa sababu ndiko nilikojifunza ufa ni kitu gani.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa karibu miaka miwili kwenye gereji moja hapa mjini, nikiwa saidia fundi. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyuma kwa dizeli, kushika tochi na kutumwa chai. Msimu wa pamba ukawa umefunguka, magari yanajaa, kila tajiri anataka hesabu yake jioni. Ikaletwa Coaster iliyokuwa ikienda Lamadi na kurudi, inalalamika. Ukikanyaga mafuta inagonga chini kama mtu anapiga debe. Fundi akaniambia nisafishe upande wa injini. Nikapiga brashi ya waya, nikapangusa, na pale kwenye mauntingi, yaani kile kishikio kinachoibana injini kwenye chasisi, nikaona mstari. Mwembamba. Kama unywele umelala juu ya chuma. Nikaupangusa tena nikidhani ni uchafu. Haukutoka.

Nikamwita fundi. Akauangalia, akapitisha ukucha, ukucha ukakwama. Akanyamaza. Kisha akampigia tajiri. Sikusikia tajiri alisema nini, ila niliona fundi anavyoitikia, "sawa mzee, sawa mzee." Akakata simu, akaniambia: paka grisi hapo, tufunge.

Nikapaka. Sitawadanganya, nilipaka mimi kwa mkono wangu huu.

Siku ya nne gari likaangusha injini upande karibu na Lamadi. Halikupinduka, Mungu saidia, lakini bomba la rejeta lilichomoka na maji ya moto yakamwagikia mguuni mama mmoja aliyekuwa amekaa mbele na ndoo yake ya dagaa. Ile gari ilirudi gereji kwetu ikivutwa. Hakuna aliyeulizwa kitu. Dereva alilaumiwa kwa mwendo kasi, na mauntingi ikanunuliwa nyingine.

Nimeikumbuka hadithi hiyo kwa sababu rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari sasa ni fundi wa ndege. Alipokuja likizo tulikaa jioni nzima nikimhoji. Nilitaka kujua: na ndege nayo ina mauntingi? Akacheka. Akasema, kaka, kwenye ndege hiyo ndiyo kila kitu. Kwenye ndege ndogo za injini moja, injini imekaa mbele kwenye fremu ya mabomba ya chuma yaliyochomelewa, na fremu imefungwa kwa boliti chache kwenye mwili wa ndege. Kwenye ndege kubwa injini inaning'inia chini ya bawa kwa mkono mmoja mnene, na huo mkono umeshikwa na pini na masikio ya chuma ambayo ukiyaona utashangaa kwamba ni hayo tu. Tani kadhaa za injini zinazovuta, zinazotetemeka na kupata joto zimeshikwa hapo.

Na chuma kinachoka. Hili ndilo watu wengi hatulielewi. Hakivunjiki kwa sababu mzigo umezidi siku hiyo. Kinavunjika kwa sababu mzigo uleule wa kawaida umekuja na kuondoka mara elfu na elfu: kupaa, kutua, kupaa, kutua. Chukua waya wa uzio, ukunje na kuukunjua. Mara ya kwanza haufanyi kitu. Mara ya ishirini unakatika mkononi bila nguvu. Kwenye ndege ufa huanzia pembezoni, penye shimo la boliti, penye alama ya kuchomelea, penye kutu au penye mkwaruzo ulioachwa na spana ya mtu mvivu. Unakua kidogo kila safari. Halafu siku moja chuma kilichobaki hakitoshi.

Basi ukaguzi wake ni huu. Kwanza wanaosha, kwa sababu grisi na oili vinaficha (hapo nilijikuna kichwa). Kisha wanaangalia kwa macho, kwa tochi kali na kioo kidogo chenye mkono mrefu kinachoingia nyuma ya mabomba. Kama hawana uhakika, wanapaka kimiminika chekundu chepesi kinachopenya hata kwenye ufa usioonekana kwa macho. Wanasubiri dakika zake kitulie. Wanapangusa juu pakauke kabisa, halafu wanapuliza unga mweupe. Kama kuna ufa, rangi nyekundu iliyojificha ndani inavutwa juu na unauona mstari, kama damu kwenye shuka. Kwa chuma chenye kushika sumaku wanatumia sumaku na vumbi la chuma. Kwa sehemu za ndani wanatumia umeme au mawimbi ya sauti. Baada ya hapo fundi mwenye leseni anaandika kwenye kitabu cha ndege alichokiona, anatia saini, na saini hiyo ina namba yake. Akisema hairuki, hairuki.

Nikamuuliza: na bosi akipiga simu? Akanywa soda yake, akasema inategemea nchi.

Jibu hilo ndilo limenifanya niandike.

Nikaanza kusoma. Tarehe 25 Mei 1979 ndege aina ya DC-10 ya American Airlines ilikuwa inapaa Chicago. Kabla haijafika mbali, injini ya kushoto pamoja na mkono wake mzima ikachomoka, ikapaa juu ya bawa, ikaanguka kwenye njia ya kurukia. Ndege ikalala upande na kuanguka. Walikufa watu 273, wote 271 waliokuwa ndani na wawili waliokuwa chini. Wachunguzi walipofuatilia wakaikuta hadithi ninayoijua mimi wa gereji. Mtengenezaji alikuwa ameelekeza kwamba wakati wa matengenezo, injini ishushwe kwanza, halafu mkono ufuate. Mafundi wa kampuni, ili kuokoa saa zipatazo 200 za kazi kwa kila ndege, wakawa wanashusha vyote pamoja kwa foklifti. Foklifti ikiteleza kidogo tu, chuma kinagonga chuma kule juu na kupata ufa. Wanafunga, ndege inaruka, ufa unakula taratibu.

Wengi wakisimulia ajali hii wanaishia hapo. Kilichonikosesha usingizi mimi ni kinachofuata. Kampuni nyingine ya Marekani, Continental, nayo ilikuwa inatumia njia ya mkato inayofanana na hiyo, na ilikuwa imeshapata ufa wa aina hiyohiyo mara mbili, Desemba 1978 na Februari 1979. Ikaziba, ikaendelea. Utaratibu wa wakati huo haukuilazimisha kuripoti kwa mamlaka uharibifu uliotokea karakanani. Kwa hiyo miezi mitatu kabla ya Chicago, kuna watu waliokuwa wanajua. Walijua ndani ya ukuta wao. Baada ya ajali, ndege nyingine zilipokaguliwa, nyufa zikaonekana kwenye zaidi ya ndege moja.

Mtasema hayo ni ya zamani. Tarehe 4 Novemba 2025, mjini Louisville, Marekani, ndege ya mizigo ya UPS aina ya MD-11, ambayo ni mdogo wake ile DC-10, iling'oka injini ya kushoto na mkono wake ikiwa inapaa. Ikaanguka na kuua wafanyakazi wote watatu waliokuwamo pamoja na watu waliokuwa kwenye shughuli zao chini. Bodi ya uchunguzi ya nchi hiyo, NTSB, ilitoa taarifa ya awali mwezi uleule, yenye picha, na kusema kwamba masikio yanayoshika mkono wa injini kwa nyuma yalikuwa na nyufa za uchovu wa chuma. Januari 2026 bodi hiyohiyo ikaeleza kuwa Boeing, tangu 2011, ilikuwa imewaandikia wenye ndege kuhusu kipande cha sehemu hiyo kilichowahi kuvunjika mara nne kwenye ndege tatu, na barua ilisema haitegemewi kuhatarisha usalama. Taifa tajiri kuliko yote nalo lina watu wa kupaka grisi. Tofauti ni kwamba grisi yao ikishapanguswa, inapanguswa mbele ya kila mtu, na mjane anaweza kusoma kilichoandikwa.

Sasa turudi nyumbani.

Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka ATCL kwenye orodha ya kampuni zisizoruhusiwa kuruka kwenye anga lake. Juni 2025 ukaziweka kampuni zote za ndege zenye cheti cha Tanzania. Zote, kubwa na ndogo, hadi zile za watalii. Nilisikia majibu ya kila aina: mabeberu, vita ya biashara, mbona haturuki Ulaya hata hivyo. Wengine walikuwa wanachama wetu wenyewe, nao wakashangilia kwa sababu Serikali imeaibika. Wote tumekosea. Someni kilichosemwa. Hawakusema ndege zetu ni mikebe. Kidole kilielekezwa kwa msimamizi: upungufu wa wataalamu wenye sifa, na udhaifu katika kufuatilia urushaji na uzima wa ndege. Kwa lugha ya gereji, hawakusema kuna ufa. Walisema hawana uhakika kama kuna mtu anashika tochi.

Hili la msimamizi halizibwi kwa kununua ndege mpya. Tangu 2016 tumepokea ndege kwa ngoma na vigelegele, na mimi sina kinyongo na ndege, nimepanda na nimefurahia. Lakini ndege mpya nayo inachoka kuanzia siku ya kwanza. Airbus A220 zetu zilikuwa bado mpya pale ziliposimamishwa chini kwa sababu ya hitilafu ya aina ya injini zake, tatizo lililotoka kwa mtengenezaji na kuzikumba kampuni nyingi duniani. Kuzisimamisha ilikuwa sahihi. Nalisema hili wazi kwa sababu hatuwezi kudai usalama halafu tukazomea kila ndege inapobaki chini. Ila angalieni bei yake. CAG alituambia hasara ya ATCL kwa mwaka 2022/23 ilikuwa Sh bilioni 56.64, na mwaka 2023/24 ikafika Sh bilioni 91.8. Ndege ikilala haileti hesabu.

Na hapo ndipo naisikia ile simu ya tajiri. Mwenye ndege ni Serikali, kupitia wakala wake. Anayezirusha ni kampuni ya Serikali. Mkaguzi, yaani TCAA, ni mamlaka ya Serikali, na juu ya kukagua usalama ndiyo hiyohiyo inayotoa huduma ya kuongoza ndege angani. Simtuhumu mtu yeyote hapo kwa kupaka grisi, sina ushahidi wala sijaambiwa. Nauliza swali la mtu aliyewahi kushika brashi: siku fundi kijana mwenye leseni atakapoona mstari mwembamba kama unywele, saa kumi alfajiri, abiria wameshapimwa mizigo, waziri yumo kwenye orodha, nani anamlinda akisema hairuki? Ana karatasi gani mkononi? Ana ofisi gani ya kupeleka malalamiko ambayo bosi wake hana namba ya simu yake?

Angalieni tena tunachojua na tusichojua. Hasara ya ATCL tunaijua hadi nukta, kwa sababu sheria inamlazimisha CAG kukagua na ripoti yake kufika bungeni kila mwaka, na mwananchi wa Itilima anaweza kuisoma kwenye simu. Lakini ni ukaguzi mangapi wa uzima wa ndege TCAA imefanya mwaka huu? Ni ndege ngapi zilizuiwa? Ni kasoro gani zilizokuwa zinajirudia? Mkaguzi mmoja anabeba ndege ngapi? Hakuna ripoti ya namna hiyo inayosomwa bungeni. Fedha zina mkaguzi anayesema hadharani. Roho za watu zinasemewa ofisini.

Sisi wa kanda ya ziwa tusiambiwe tunakuza mambo. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliingia ziwani Bukoba ikiwa na watu 43, na 19 hawakurudi. Ile haikuwa habari ya ufa wala injini, ilikuwa hali mbaya ya hewa wakati wa kutua, na siichanganyi na hii. Naitaja kwa jambo moja. Taarifa ya awali ilitoka mwezi uleule, na ilisema wazi kwamba uokoaji ulichelewa na boti haikuwa tayari. Iliwauma wakubwa, lakini ilitoka. Kumbe inawezekana. Kwa nini isubiri mpaka wavuvi wavunje mlango kwa kasia?

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo rafiki yangu fundi aliniambia, na ni nzito. Alisema ukianika kila kasoro na jina la fundi, kesho mafundi wataacha kuandika. Wataona ufa na kunyamaza, kwa sababu kuandika kumekuwa hatari. Yuko sahihi. Mimi sitaki majina. Sitaki fundi wa KIMAFA au wa Dar atundikwe mtandaoni na sisi wanaharakati tusiojua spana namba 10 na namba 12. Nataka idadi, aina ya kasoro na hatua iliyochukuliwa. Jina la fundi lifichwe na kulindwa, kasoro iwekwe wazi. Sasa hivi nina wasiwasi tumegeuza: fundi ndiye yuko wazi kwa bosi wake, na kasoro ndiyo imefunikwa.

Na wapo waliotoka kwenye orodha hiyo ya Ulaya. Zambia ilitolewa 2016, Msumbiji 2017. Majirani hao hawakutoka kwa kutukana mabeberu. Waliajiri, wakafundisha, wakakubali kukaguliwa. Sisi tuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinachofundisha uhandisi wa ndege, na vijana wanahitimu. Wakimaliza wanatafutwa na kampuni zinazolipa. Mkaguzi wa Serikali akilipwa kidogo kuliko fundi anayemkagua, mtabaki na wakaguzi wa aina mbili: wazalendo wachache na waliokosa pengine pa kwenda. Hilo ni suala la bajeti, na bajeti ni siasa. Anayesema tusiingize siasa kwenye usalama wa ndege atuambie mishahara hiyo inapangwa msikitini au kanisani.

Watu wa Bariadi mna sababu nyingine ya kulifuatilia hili. Neno "rada" likitajwa hapa mjini, wazee wanaangaliana, na neno "vijisenti" liliingia kwenye Kiswahili likiwa na anwani yetu. Rada ile ya BAE ilinunuliwa kwa jina la usalama wa anga, kwa pauni milioni 28, na miaka baadaye kampuni ikakiri makosa ya kumbukumbu za hesabu na kulipa pauni milioni 29.5 zilizogeuka kuwa vitabu na madawati ya shule. Mtoto wa hapa inawezekana amekalia dawati la rada. Kwa hiyo tukisikia "usalama wa anga" tunaomba risiti.

Kazi ni hii. Tawi la vijana Bariadi Mjini tumeandika barua kwenda TCAA kuomba takwimu za ukaguzi wa uzima wa ndege kwa miaka mitatu iliyopita. Tumetumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Nakala tutawapelekea wabunge wote wa mkoa, wa chama chochote, tukiwaomba wamuulize waziri swali moja tu la nyongeza: ni lini ripoti ya mwaka ya ukaguzi wa ndege itawekwa mezani kama ya CAG? Maswa, Meatu, Busega na Itilima, tunaomba saini zenu. Mwenye kaka au dada aliye fundi wa ndege asimtaje jina, amuulize tu kitu kimoja: siku ukisema hairuki, unampigia nani?

Saini zinakusanywa Jumamosi saa nne, pale stendi, chini ya mwembe. Njooni na namba zenu za kitambulisho cha taifa. Mimi nitakuwepo mapema, na yule mama wa dagaa ameniambia atapita kabla gari la Lamadi halijajaa.